Namna ya Kumtafuta na Kumtazama Bundi wa Theluji Bila Kumsumbua

Mtu anayetoka usiku na tochi kwenda kumtafuta bundi wa theluji msituni atarudi nyumbani mikono mitupu, kwa sababu atakuwa amemtafuta kwa desturi za bundi wengine. Huyu ni ndege wa nchi isiyo na miti. Huzaliwa kwenye tundra, ile nyika ya baridi inayoizunguka Bahari ya Aktiki huko Alaska, Kanada, Greenland, Skandinavia na Urusi, ambako wakati wa kiangazi jua halitui kwa majuma mengi, na bundi ambaye angesubiri giza ndipo awinde angekufa njaa pamoja na makinda yake. Kwa hiyo amezoea kuwinda mchana kweupe, kuketi chini ardhini na kutazama mbali bila kizuizi. Ukiyashika hayo matatu, kazi ya kumpata imekwisha kupungua nusu.

Maelezo haya nimemwandikia hasa msomaji anayeishi au anayesafiri Kanada na katika majimbo ya kaskazini ya Marekani wakati wa baridi, kati ya mwisho wa Novemba na Machi, bundi hawa wanaposhuka kusini na kukaa karibu na miji ambayo wasemaji wa Kiswahili si wachache, tangu Minnesota na Ontario hadi Massachusetts. Mwishoni nitagusia pia safari ya kwenda kwenye tundra yenyewe, kwa wale wachache watakaopata nafasi hiyo.

Mjue kwanza

Bundi wa theluji, ambaye jina lake la kisayansi ni Bubo scandiacus, ana urefu wa sentimita 52 hadi 71, na akikunjua mabawa hufika karibu mita moja na nusu kutoka ncha hadi ncha. Uzito wake ni kati ya kilo moja na nusu na kilo tatu hivi, na jike humzidi dume. Amerika ya Kaskazini haina bundi mzito kuliko yeye. Bundi mkubwa wa kijivu wa misituni humzidi kwa urefu, lakini ukimweka kwenye mizani utaona sehemu kubwa ya ukubwa huo ni manyoya tu. Zamani wataalamu walimpa bundi wa theluji jenasi yake peke yake, mpaka uchunguzi wa chembe za urithi ulipomrudisha kwa ndugu zake wa Bubo, na hivyo akawa wa ukoo mmoja na yule bundi mkubwa mwenye kope za rangi ya waridi anayekaa juu ya migunga ya Serengeti. Tofauti utakayoiona mara moja ni kwamba huyu wa kaskazini ana kichwa laini cha mviringo. Vishungi vyake, yale manyoya yanayosimama kichwani kama masikio, ni vidogo mno na kwa kawaida havionekani.

Weupe wake haulingani, na hapa ndipo wengi hukosea. Dume aliyekomaa anaweza kuwa mweupe karibu mwili mzima, pengine akiwa na madoa machache tu kwenye mabawa na mkia. Jike ana mistari ya kahawia iliyokoza mgongoni, kifuani na utosini, huku uso na koo vikibaki vyeupe. Jike mchanga katika baridi yake ya kwanza ana mistari mingi hivi kwamba kwa mbali huonekana wa kijivu. Katikati ya pande hizo mbili kuna madume wachanga na majike wazee ambao hufanana sana, na mtazamaji mwaminifu huandika tu kwamba jinsia haikujulikana. Usione haya kufanya hivyo, kwani Linnaeus mwenyewe, yule mwanasayansi wa Uswidi aliyeweka utaratibu wa majina ya kisayansi, alipowaorodhesha ndege mwaka 1758, alimwandika bundi huyu mara mbili kwa majina mawili, kana kwamba wenye mistari na wasio na mistari ni ndege wa aina mbalimbali.

Zingatia pia macho, shingo na miguu. Macho ni ya manjano, nayo hayazunguki ndani ya matundu yake, kwa hiyo akitaka kutazama upande hugeuza kichwa kizima. Shingo yake ina pingili 14 na huweza kuzunguka robo tatu ya duara. Miguu imefunikwa manyoya mazito mpaka kwenye vidole, utadhani amevaa viatu vya sufi, na mdomo wake mweusi karibu umezama katika manyoya ya uso. Vitu hivyo ndivyo vinavyomwezesha kuketi juu ya barafu kutwa nzima katika upepo ambao wewe hutauvumilia dakika kumi nje ya gari.

Baridi ipi, na mahali gani

Kuna baridi ambayo utawaona sita kwa siku moja, na kuna baridi ambayo hutamwona hata mmoja hadi Machi. Sababu yake iko mbali sana kaskazini, kwa mnyama mdogo wa jamii ya panya aitwaye lemingi, ambaye ndiye chakula kikuu cha bundi huyu. Idadi ya lemingi hupanda na kuporomoka kwa mzunguko wa miaka mitatu hadi mitano hivi. Wakiwa tele, bundi hutaga mayai mengi, na makinda mengi huishi. Ikifika vuli, kundi kubwa la vijana hutawanyika kuelekea kusini. Baridi ya 2013 hadi 2014 ilikuwa ya namna hiyo, kubwa kuliko zote zilizokuwa zimeonekana mashariki mwa Amerika ya Kaskazini kwa miongo kadhaa: bundi walifika Florida, na mmoja alivuka bahari hadi kisiwa cha Bermuda. Baridi hiyohiyo ndiyo iliyozaa Project SNOWstorm, mradi ambao watafiti huwavisha bundi mgongoni vyombo vidogo vya kufuatilia mwendo wao kwa setilaiti.

Zamani ilisemekana kwamba bundi wanaoshuka kusini wamefukuzwa na njaa na wako karibu kufa. Dhana hiyo haikusimama mbele ya mizani. Wengi wa wale waliokamatwa na kupimwa walikuwa na mafuta ya kutosha na afya nzuri. Nalisema hili mapema kwa sababu huruma isiyo na msingi ndiyo inayowafanya watu wawatupie panya wa kununua, jambo nitakalolirudia. Tena si wote wanaokwenda kusini. Majike waliofuatiliwa kutoka kisiwa cha Bylot, kaskazini mwa Kanada, walionekana wakipitisha sehemu kubwa ya baridi juu ya barafu ya bahari, katika giza la Aktiki, kandokando ya maji yasiyoganda ambako bata wa baharini hukusanyika.

Wewe uliye kusini, tafuta mahali panapofanana na tundra: tambarare, peupe, pasipo na miti. Mashamba makubwa ya Saskatchewan hupata bundi karibu kila baridi. Bandari ya Duluth kando ya Ziwa Superior, kisiwa cha Amherst karibu na Kingston huko Ontario, na matuta ya mchanga ya Plum Island huko Massachusetts ni sehemu zinazojulikana kwa miaka mingi. Viwanja vya ndege navyo huwavutia kwa sababu hiyohiyo, kwani machoni pa bundi kiwanja cha ndege ni tundra ndogo yenye panya. Katika uwanja wa Logan mjini Boston, Norman Smith wa shirika la Mass Audubon amekuwa akiwakamata tangu 1981 na kuwahamishia pwani, ili wasigongane na ndege za abiria. Hata hivyo sikushauri uzurure kando ya uzio wa uwanja wowote wa ndege ukiwa na darubini; tumia barabara ya umma au bustani iliyo karibu, usije ukalazimika kujieleza kwa walinzi.

Saa, vifaa na namna ya kutafuta

Katika Desemba jua huzama Duluth mnamo saa kumi na dakika ishirini jioni, kwa hiyo uwe umefika saa nane na nusu mchana. Saa za adhuhuri bundi huyu husinzia, amejikunyata chini akiwa ameupa upepo mgongo, na aliye hivyo ni vigumu kumtofautisha na bonge la theluji. Jua linapoanza kulala, huamka, hujinyoosha bawa moja baada ya jingine, na mara nyingi huhamia mahali palipoinuka kidogo: nguzo ya uzio, robota la nyasi, paa la ghala, jiwe la gati. Alfajiri nayo ni nzuri, ila inataka moyo.

Darubini ya kushika mkononi yenye uwezo wa kukuza mara 8 au 10 inatosha, na darubini ya miguu mitatu ni bora zaidi, kwa kuwa utakuwa mbali. Usiiache ifunikwe na ukungu wa pumzi yako: vuta hewa kwa pua na uipulize kando, kwani ukipumulia kioo katika baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, ukungu huganda papo hapo na huwezi kuufuta kwa kidole. Betri za kamera na simu ziweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwa maana nje hufa hata kama zilikuwa zimejaa. Vaa glavu mbili, nyembamba ndani ya nene, ili uweze kuzungusha kioo bila kuianika ngozi.

Usilitazame shamba lote kwa pamoja. Ligawe kwa mistari, uanze na ulio karibu nawe, upitishe darubini polepole kutoka kushoto kwenda kulia, kisha uinue kidogo na urudi, mpaka ufike kwenye upeo. Unachokitafuta ni weupe usiolingana na weupe wa theluji: manyoya ya bundi yana rangi ya maziwa kidogo, wakati theluji iliyo kivulini huelekea buluu. Ukipata bonge linaloshukiwa, lipe dakika tano. Theluji haigeuzi kichwa. Nami katika baridi yangu ya kwanza nilikaa karibu dakika arobaini nikilitazama kwa heshima zote gunia la plastiki lililonasa kwenye mabua ya mahindi, kwa sababu upepo ulikuwa ukilitikisa kwa namna niliyoitaka mwenyewe.

Ndege wengine watakusaidia. Kunguru wakizonga kitu kwa kelele mahali pamoja bila kuondoka, elekeza darubini chini ya kelele hizo. Shakwe wote wakiruka kwa pamoja kutoka kwenye barafu, kuna kitu kimewatisha. Tazama pia chini ya nguzo zenye vinyesi vyeupe vilivyotiririka. Hapo ni kituo chake, na hata kama leo hayupo, kesho anaweza kurudi. Chini yake unaweza kukuta tonge jeusi la manyoya na mifupa, ambalo ni mabaki ya chakula yasiyosagika. Bundi humeza mawindo madogo mazima mazima, na baada ya saa kadhaa hulitapika lile lisilofaa.

Kitendo hicho nilikishuhudia mara moja kwa ukaribu wa darubini, na sijaona sababu ya kuomba kingine. Jike mwenye mistari mingi alikuwa ameketi juu ya jiwe la gati, macho yamekuwa nyuzi mbili nyembamba, upepo ukipeperusha manyoya ya vidole vyake. Ghafla akainua kichwa, akafumba macho kabisa, akapanua mdomo kana kwamba anapiga mwayo, akatikisa shingo mara tatu. Tonge likatoka, refu kama kidole cha kati, likadondoka pembeni na kutoa mvuke kidogo juu ya barafu. Alilitazama, akajikung'uta mwili mzima mpaka akawa mkubwa mara moja na nusu, kisha akarudi usingizini.

Umbali, na dalili za kurudi nyuma

Hakuna kipimo kimoja cha umbali kinachofaa kwa kila bundi, lakini mimi huanza na mita 100 na sipunguzi bila sababu. Kinachokuamulia ni mwenendo wake. Bundi aliyetulia macho yake yamefumba nusu, mwili umelegea, na kichwa kinazunguka polepole. Akikufungulia macho yote mawili na kukukazia, amekwisha kukuhesabu. Akijinyoosha wima na kujibana manyoya hata akawa mwembamba, umezidi. Akiinamia mbele au akitoa kinyesi, ataruka sasa hivi, na kosa limekwisha kutendeka. Katika baridi kila kuruka kusiko na lazima ni mafuta yanayoteketea, tena mchana kunguru na tai humwona na kumfuata.

Gari lako ni maficho mazuri kuliko miguu yako. Simama pembeni mahali panaporuhusiwa, zima injini, shusha kioo, na ubaki ndani; bundi wengi hawajali gari, ila hushtuka mlango unapofunguka. Ukilazimika kutembea, usimwendee moja kwa moja wala usimkazie macho muda wote. Usipite katikati ya shamba la mtu bila ruhusa, na usimzingire, wewe upande huu na mwenzako upande ule, kwa ajili ya picha.

Panya wa kumtegea usimrushie hata kidogo. Picha za bundi akiruka usawa wa kamera, makucha mbele, mara nyingi zimepigwa kwa chambo, na bundi aliyefundishwa kwamba magari na watu huleta panya ataanza kuzisogelea barabara, ambako huruka chini chini na kugongwa. Kuhusu kutangaza mahali alipo, ningekuomba uchelewe, au utaje wilaya bila kutaja kona. Tarehe 27 Januari 2021 bundi wa theluji alitua katika bustani ya Central Park mjini New York, wa kwanza kuandikwa hapo tangu 1890, na kabla ya jioni umati ulikuwa umejaa hata walinzi wa bustani wakawa na kazi ya kuwazuia watu wasimkaribie.

Ukivumilia hadi magharibi, utaona uwindaji wenyewe. Hukaa na kungoja, kichwa kikigeuka huku na huku, kisha hukaza upande mmoja na kuinama. Huruka chini chini juu ya ardhi, kwa mapigo mazito ya mabawa yanayofuatwa na kuteleza hewani, na huweza kwenda mbali kushangaza kumfuata panya mmoja ambaye wewe hukumwona. Penye maji huwinda pia bata, na giza likiingia huendelea na kazi, kwa maana kuzoea mchana hakukumnyima macho ya usiku.

Ukifika kwenye tundra

Mji unaofikika kwa urahisi kiasi ni Utqiaġvik, Alaska, ambao hadi 2016 ramani ziliuita Barrow. Hauna barabara ya kuuunganisha na miji mingine, kwa hiyo utakwenda kwa ndege. Kwa lugha ya Wainupiati, wenyeji wa asili wa huko, bundi wa theluji ni ukpik, na jina jingine la kale la mji huo, Ukpeaġvik, humaanisha mahali pa kuwindia bundi hao. Huko alikuwa kitoweo, wakati kwetu pwani bundi aliitwa babewatoto na kufukuzwa paani kwa mawe kwa kuhofia uchuro. Sijui ni hali ipi ambayo bundi mwenyewe angeichagua. Mtafiti Denver Holt amekuwa akiwachunguza hapo tangu 1992.

Nenda Juni au Julai, na usitafute kiota mtini. Jike huparua kishimo kifupi juu ya kichuguu cha ardhi ambacho upepo umekikausha mapema, bila kutandika chochote. Hutaga mayai 3 hadi 11, moja kila baada ya siku mbili hivi, naye huatamia tangu yai la kwanza, kwa siku 32 hivi kwa kila yai. Kwa sababu hiyo makinda huanguliwa kwa zamu, na katika kiota kimoja utakuta mkubwa ambaye ameanza kuota manyoya ya kijivu na mdogo aliyetoka yaini jana. Dume peke yake ndiye anayeleta chakula wakati huo, na katika mwaka wa neema lemingi hurundikwa kuzunguka kiota kama akiba. Wakifika majuma matatu makinda hutoka kwa miguu na kujificha nyasini, ingawa hawataruka vizuri hadi majuma saba hivi. Mwaka ambao lemingi hawapo, eneo zima linaweza lisiwe na kiota hata kimoja.

Kwa hiyo kwenye tundra mita 100 hazitoshi. Tumia darubini ya miguu mitatu kutoka mamia ya mita, juu ya barabara, kwani jike akiondoka mayai hupoa haraka na mbweha wa Aktiki hachelewi. Dume atakuonya kwa mlio mzito unaosikika mbali sana, na usiposikia atakurukia kichwani kwa makucha, kama anavyowafanyia mbwa mwitu. Mabata bukini wanaujua ukali huo, na katika baadhi ya sehemu hujenga viota vyao karibu na chake ili mbweha asiwafikie.

Unachokiandika

Andika tarehe, saa, hali ya hewa, alikuwa ameketi juu ya nini, na wingi wa mistari kifuani na utosini, kisha upeleke taarifa hizo kwa chama cha watazamaji ndege wa eneo lako. Tangu 2017 bundi huyu ameorodheshwa na IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa viumbe na mazingira, miongoni mwa viumbe walio katika hatari ya kutoweka, na idadi yake ni ngumu kukadiria kwa ndege anayehama nchi kwa nchi akifuata lemingi. Ukimkuta amejeruhiwa kando ya barabara, usimpe maji wala nyama. Piga simu kituo chenye leseni ya kutibu ndege wa porini, na umkinge na magari mpaka wafike. Ukiokota unyoya, kumbuka kwamba sheria ya Marekani inayolinda ndege wanaohama haimruhusu raia wa kawaida kuumiliki hata kama umeanguka wenyewe: uweke juu ya theluji kando ya glavu yako ili ukubwa uonekane, upige picha, uuache hapo.